Udongo wa Kusafishia Rangi

Jumamosi usiku, uani kwa Ndetaulwa, Pasua,
tulizima taa ya nje, tukawasha tochi ya simu
tukaipitisha pembeni mwa boneti.
Hapo ndipo rangi husema kweli.
Mchana Staleti yangu, namba B, ni buluu tu;
kwa tochi ni utando wa buibui,
duara ndani ya duara,
kila kitambaa kikavu nilichowahi kukiburuza
kimeacha sahihi yake.

“Hii sabuni ya unga,” alisema Aikande,
kama daktari anayetaja ugonjwa wa aibu.
Nikakana. Kisha nikakubali.
Miaka minne. Ya kufulia. Na dodoki.

Akavaa mfuko wa mkate mkononi
(ile mingine imepigwa marufuku, huu umebaki),
akapapasa mlango, macho kayafumba.
“Njoo usikie.”
Nikapapasa.
Kumbe nilichokiita safi kina vipele
kama ulimi wa paka:
utomvu wa mijakaranda ya barabara ya stesheni,
unga wa breki za malori ya Himo,
majivu ya miwa inayochomwa huko chini
yanayotua hadi kwenye nguo za kanisani.

Ndipo akatoa udongo.
Kipande cha kijivu, ukubwa wa andazi;
akakikanda, akanyunyiza maji ya sabuni,
akakitelezesha bila kukandamiza,
na kile kijivu kikaanza kuwa cheusi.

Bwana Jagdev akacheka mpaka kilemba kikamkaa upande.
“Maisha yangu yote nakimbia udongo
nyie mnaupaka kwa heshima!
Gari ling'ae lisig'ae, saa haioni.”
Ndetaulwa akajibu kwamba asiye na ndoo mbili,
moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa,
asithubutu kusema anapenda gari.
Wakabishana kuhusu nta, kuhusu jua,
kuhusu shemeji wa mtu fulani aliyepiga polishi
mpaka akafika kwenye bati.
Shekue aliuliza, mara moja tu,
mafuta ya breki yalibadilishwa lini.
Hakuna aliyemsikia. Na mimi nilimsikia.

Jumapili, shamba la mkonge.
Kilomita moja na kipande ya lami
iliyomwagwa kwa ajili ya matrekta,
madumu ya njano kuonyesha kona.
Helmeti niliazima kwa bodaboda,
ilinuka mvua na kichwa cha mtu.
Hakuna kombe. Hakuna wa kumpita.
Unashindana na ulivyokuwa nusu saa iliyopita,
na mke wa Jagdev kwenye kiti cha plastiki
anakusomea deni lako:
dakika moja, sekunde arobaini na moja.
Kisha thelathini na nane.
Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari,
mimi, karani wa mizani kiwanda cha kahawa,
ambaye hata harusini sichezi.

Mzunguko wa tatu, dumu la nne,
pedali ikazama
kama mguu kwenye jaruba la mpunga.
Nikapita dumu. Nikapita lami.
Mkonge ukanipokea kwa ncha zake zote.

Walikuja mbio. Sikuumia.
Lakini kutoka taa mpaka kioo,
juu ya ile buluu iliyolala inateleza kama kokwa la fenesi,
mstari mmoja mrefu,
na ndani ya mstari, nyeupe.
Siyo bati. Rangi. Nyeupe kabisa.
Miaka minne naosha gari la mtu mwingine.

Aikande akapitisha kidole, kucha ikakwama.
“Hii udongo hauitoi.”
Jagdev akatazama kwingine, kwenye saa.

Shekue hakusema kitu.
Chupa ya mafuta ya breki alikuwa nayo mkononi,
amekuja nayo tangu jana.
Akafungua boneti,
mkono wa ovaroli lake ukaburuza vumbi kavu
juu ya rangi, mwanzo mpaka mwisho,
na hakuna, hata Aikande, aliyesema neno.